Josho, chanjo au sindano ya tiba: ndigana kali uikabili kwa njia ipi?

Ng'ombe mwenye ndigana kali hafi kwa siku moja, na hilo ndilo linalotuponza wafugaji. Jumatatu amebakiza pumba kidogo kwenye hori. Jumanne maziwa yamepungua. Jumatano bado anacheua, unajiambia labda ni jua kali. Ukija kumwita mtaalamu wa mifugo Jumamosi, anapumua kwa kuvuta na povu limemtoka puani, na dawa ambayo ingemponya Jumanne sasa unaidunga kwenye mzoga unaotembea.

Njia za kukabiliana na ugonjwa huu ni tatu: kuua kupe kwa josho au pampu, kuchanja, na kutibu mapema kila anapougua. Kila njia ina watu wake wanaoiapia. Mwenye josho karibu atakuambia chanjo ni gharama isiyo na maana. Aliyechanja atakuambia josho ni kumwaga dawa mtoni. Na yupo asiyefanya yote mawili ila ana chupa ya Butalex, dawa ya kutibu ndigana kali, kabatini na simu ya daktari, na ng'ombe wake wapo. Wote watatu wanasema kweli kuhusu zizi lao.

Kwanza uitambue

Ndigana kali (Wamaasai huiita oltikana, na Kenya wengi wanasema ECF tu, kifupi cha East Coast fever) huletwa na kijidudu kiitwacho *Theileria parva*. Anayekibeba ni kupe wa kahawia anayependa kukaa ndani ya sikio. Kupe huyu hupanda mnyama mara tatu maishani: akiwa mchanga mwenye miguu sita, akiwa wa kati, na akiwa mkubwa. Kila akishiba hudondoka, hujivua gamba majanini, kisha hupanda mnyama mwingine. Akinyonya ugonjwa katika hatua moja, huutema katika hatua inayofuata. Aliyetoka kwenye yai leo hana ugonjwa.

Jambo jingine la kushika: hata kupe mwenye vijidudu haambukizi pale pale anapouma. Vijidudu huhitaji siku tatu nne hivi za kunyonya ili vikomae ndani ya tezi zake za mate. Siku hizo chache ndizo zinazolipa josho maana yake yote, na ndizo zinazopotea ukiogesha mara moja kwa mwezi.

Tangu kupe mwenye ugonjwa ashike hadi dalili zionekane hupita siku 8 hadi 12 hivi, wakati mwingine zaidi. Dalili ya kwanza haionekani kwa macho, inapapaswa. Weka vidole chini ya sikio, pale taya linapoishia, kisha telemka hadi mbele ya bega. Tezi za hapo huvimba, mara nyingi ile iliyo upande wa sikio lenye kupe, hadi ukahisi kama yai chini ya ngozi. Siku moja mbili baadaye homa inapanda. Joto la kawaida la ng'ombe ni nyuzi 38 hadi 39.3 hivi, ukisoma zaidi ya 39.5 asubuhi kabla jua halijachoma, kuna jambo. Kwenye ndigana kali hufika 41, hata 42. Kipimajoto cha njia ya haja kubwa ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote nitakavyovitaja humu, na bado ndicho kisichopatikana kwenye mazizi mengi.

Baadaye ndipo yanakuja yale ambayo kila mtu anayajua: kuacha kula, machozi, ukungu machoni, kikohozi, kuhara wakati mwingine kwa damu, kupumua kwa kasi, na mwisho povu puani kwa sababu mapafu yamejaa maji. Wapo wanaoishia kuzunguka na kugonga kichwa ukutani. Hiyo Wamaasai wanaiita ormilo, yaani ugonjwa umefika kwenye ubongo. Bila tiba, wengi wa ng'ombe wa kisasa hufa ndani ya wiki mbili tatu tangu homa ianze.

Ugumu ni kwamba kupe huleta homa nyingine zenye sura inayokaribiana. Ndigana baridi hupausha fizi na macho, mara nyingine huyafanya manjano, na kinyesi huwa kigumu na kikavu. Ugonjwa wa kukojoa damu unajieleza wenyewe kwa rangi ya mkojo. Maji moyo huja ghafla, mnyama akirusha miguu juu anapotembea na kutetemeka, na anaweza kufa kabla hujamaliza kujiuliza. Ndigana kali, siku zake za mwanzo, haipaushi fizi: vijidudu vyake vinazaana ndani ya chembe nyeupe za damu na kuzilazimisha zigawanyike ovyo, karibu kama saratani. Ndiyo maana tezi zinavimba.

Kutofautisha homa hizi kunaamua dawa. OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini) inatibu ndigana baridi na maji moyo. Berenil inatibu kukojoa damu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotibu ndigana kali iliyokwisha kushika. Mimi nilijifunza hilo kwa mtamba chotara mwenye mimba ya miezi mitano. Aliyekuja kumtibu alimchoma OTC siku tatu mfululizo bila kugusa tezi hata mara moja, na mimi sikumuuliza kwa sababu alivaa koti jeupe. Siku ya nne hapakuwa na cha kutibu.

Kama maabara ya mifugo inafikika, omba vipande viwili vya kioo: kimoja cha damu, kingine cha maji yaliyovutwa kwa sindano kutoka kwenye tezi iliyovimba. Ng'ombe mmoja anaweza kuwa na magonjwa mawili kwa pamoja, na kioo cha tezi ndicho kitakachoonyesha ndigana kali mapema kuliko cha damu. Lakini usimweke mnyama bila dawa siku mbili ukisubiri majibu.

Vipimo vya kulinganishia

Nitaziweka njia zote tatu kwenye maswali yale yale: pesa yake inatoka lini, inadai kazi na vifaa gani, inakinga nini na inaacha nini nje, inamfaa nani. La tano ndilo ninalolipa uzito kuliko mengine: ikishindwa, inashindwaje? Hakuna njia kati ya hizi isiyoshindwa. Tofauti ni kwamba moja hushindwa kimya kimya kwa miezi, nyingine hushindwa kwa sababu ya jirani yako wa porini, na nyingine hushindwa kwa kuchelewa siku mbili. Mfugaji anachagua pia aina ya kosa atakayoweza kuliona kabla halijaua.

Njia ya kwanza: kuogesha

*Pesa.* Hutoka kidogo kidogo na haiishi. Kila wiki kuna dawa, na ng'ombe akizaa dawa inaongezeka. Josho la kijiji hupunguza makali kwa kuwa gharama inagawanywa. Pampu ya mgongoni nyumbani ni ghali zaidi kwa kichwa kimoja, ila huna foleni wala safari.

*Kazi na vifaa.* Hapa ndipo pana maneno mengi, maana kuogesha kunaonekana rahisi na watu wengi wanakosea. Kwenye eneo lenye ndigana kali, mara moja kwa wiki ndiyo kawaida. Kupe wakizidi, hasa mvua zinapoanza na kupe wakubwa kutoka mafichoni, wataalamu husogeza hadi mara mbili kwa wiki. Dawa ya amitrazi ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa lita moja ya maji, maana yake pampu ya lita 20 inataka mililita 40. Ng'ombe mkubwa anahitaji lita 10 hivi ili alowe hadi ngozini. Fanya hesabu: pampu moja ni ng'ombe wawili. Sasa kumbuka ni mara ngapi umeona pampu moja ikimaliza ng'ombe wanane, tena kwa kupita mgongoni tu kama anayemwagilia mchicha. Kupe wa ndigana yuko ndani ya sikio. Yuko chini ya mkia, kwenye kiwele, katikati ya kwato. Mgongoni hayupo.

Josho la kuogelea lina siri zake pia. Dawa hutuama chini, kwa hiyo ng'ombe wa kwanza kuingia wanafanya kazi ya kukoroga tu. Warudishwe waoge tena mwishoni. Maji yakipungua huongezwa pamoja na dawa, kwa kipimo, si kwa kukadiria. Na tafadhali, punda asipitishwe kwenye amitrazi, inamletea msokoto wa tumbo. Dawa za jamii ya pareto, kama saipamethrini, huua samaki, basi mabaki yasimwagwe kijitoni.

*Inakinga nini.* Huu ndio ubora wake mkubwa, na wapenda chanjo huusahau: josho linamuua kupe, na kupe ni mlango wa ndigana kali, ndigana baridi, kukojoa damu na maji moyo. Linazuia pia vidonda vya masikio na chuchu. Hakuna njia nyingine humu inayogusa yote hayo.

*Inavyoshindwa.* Kwa namna mbili, zote za kimya. Ya kwanza ni usugu. Dawa iliyopunguzwa nguvu haiui kupe wote, na wanaosalia ndio wanaozaa. Ukiona kupe hai walioshiba saa 48 baada ya kuogesha vizuri, usiongeze kipimo wala usichanganye dawa mbili kwenye pampu moja. Badilisha jamii ya dawa, si jina la chupa tu. Chupa mbili zenye nembo tofauti zinaweza kuwa na kiini kile kile, basi soma maandishi madogo.

Ya pili ni mbaya zaidi. Ng'ombe anayeogeshwa kwa ukamilifu tangu utotoni hakutani na ugonjwa, kwa hiyo hajengi kinga. Siku josho likikauka, dawa ikikosekana, au ukisafiri mwezi mzima, umeacha kundi zima likiwa jipya mbele ya ugonjwa. Nchi inayoitwa Zimbabwe leo ililiona hili kwa kiwango cha kutisha: vita vya miaka ya 1970 vilipovuruga huduma za majosho vijijini, inakadiriwa ng'ombe wapatao milioni moja walikufa kwa magonjwa ya kupe. Dawa ilikuwa imefanya kazi vizuri kwa miaka mingi. Ilipokatika tu, hapakuwa na kinga chini yake.

*Inamfaa nani.* Mwenye nidhamu ya siku maalumu ya wiki isiyohamishwa na harusi wala msiba. Mwenye maji ya kutosha. Na aliye kwenye eneo ambako magonjwa mengine ya kupe yanasumbua sawa na ndigana kali.

Njia ya pili: chanjo

Chanjo hii si kama nyingine, na ni vizuri kuielewa kabla ya kulipia. Ng'ombe hudungwa vijidudu hai vya ndigana kali vilivyotolewa kwenye kupe, na wakati huo huo hudungwa OTC ya kukaa muda mrefu mwilini. Anaugua kidogo sana, mara nyingi bila wewe kujua, kisha anabaki na kinga. Utauliza: si umesema OTC haitibu ndigana? Haitibu ugonjwa uliokwisha kushika. Ikiingia mwilini saa ile ile na vijidudu, inavipunguza kasi kiasi cha kuupa mwili nafasi. Dawa iliyomwangusha mtamba wangu ndiyo hiyo hiyo inayoifanya chanjo iwezekane. Kilichobadilika ni siku.

Mbinu yenyewe ilibuniwa na watafiti wa Afrika Mashariki pale Muguga, karibu na Nairobi, na mchanganyiko wake wa aina tatu za vijidudu bado unaitwa kwa jina la Muguga. Siku hizi hutengenezwa Lilongwe, Malawi, kwenye kituo cha kupe na magonjwa yake. Kaskazini mwa Tanzania wafugaji wa Kimaasai wameitumia kwa miaka mingi, hasa kwa ndama.

*Pesa.* Hutoka mara moja, yote, kabla hujaona faida. Kwa kichwa kimoja ni nyingi ukilinganisha na dumu la dawa ya kuogesha, na ndicho kinachowafanya wengi waghairi. Upande wa pili, hairudiwi kila wiki. Na sokoni ndama mwenye hereni ya chanjo sikioni hupata bei nzuri kuliko mwenzake, kwa sababu mnunuzi anajua analipia mnyama aliyekwisha kuvuka.

*Kazi na vifaa.* Kwako wewe ni kidogo: kumkamata ng'ombe na kumfuatilia. Mzigo uko kwa mchanjaji. Vijidudu lazima vikae kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika hadi dakika ya kuvitumia. Mrija mmoja mdogo hubeba dozi za ng'ombe wengi, na ukishayeyushwa haugandishwi tena. Lazima uishe ndani ya saa chache. Kwa hiyo mwenye ng'ombe wawili hawezi kuchanja peke yake bila hasara. Inabidi wafugaji wa jirani wajikusanye na kupanga siku moja. Ng'ombe mgonjwa, aliyekonda sana, au mwenye mimba kubwa huachwa. Ndama huanza kuchanjwa akiwa na umri wa mwezi mmoja hivi.

Baada ya hapo, wiki tatu za kwanza ni zako. Wachache huugua kweli kutokana na chanjo, na anayepandisha homa na kuvimba tezi sana hutibiwa kwa dawa ya ndigana mara moja. Mkubaliane mapema na mchanjaji nani atakuja na nani atalipa. Kipindi hicho endelea kuogesha, maana kinga haijakamilika.

*Inakinga nini.* Ndigana kali peke yake, lakini kwa muda mrefu: sindano moja huweza kumtosha ng'ombe maisha yake, hasa akiwa sehemu yenye kupe wanaomkumbusha mwili wake mara kwa mara. Haina habari na ndigana baridi, kukojoa damu wala maji moyo. Namfahamu mfugaji aliyechanja, akaacha kuogesha kabisa, kisha akapoteza ng'ombe kwa ndigana baridi na kusema chanjo ni ya uongo. Haikuwa ya uongo; aliitwisha mzigo usio wake. Unaweza kupunguza kuogesha baada ya kuchanja. Kuacha, hapana. Na kuchanjwa homa ya mapafu au chambavu si kuchanjwa ndigana, jambo linalochanganywa kila kampeni inapopita.

*Inavyoshindwa.* Mtungi ukikaukiwa naitrojeni njiani, kilichodungwa ni maji tu, na hutajua hadi ng'ombe augue. Ndiyo sababu mchanjaji awe aliyefundishwa na kuidhinishwa, si yeyote mwenye sindano. Mahali pa pili ni karibu na nyati. Nyati hubeba aina zake za kijidudu hiki bila kuugua, tofauti tofauti nyingi, na kupe waliotoka kwake wanaweza kuleta aina ambayo kinga ya ng'ombe wako haiitambui. Mwisho, ng'ombe aliyechanjwa hubaki na vijidudu vichache mwilini. Kupe wanaweza kuvichukua na kuvipeleka kwa jirani asiyechanja. Kwenye eneo ambalo ugonjwa upo tayari hilo halibadilishi mengi. Mahali ambapo haujawahi kufika, ni jambo la kuuliza ofisi ya mifugo kabla.

*Inamfaa nani.* Mwenye ndama wengi kila mwaka, mfugaji wa kuhamahama asiyeweza kuwa josho lile lile kila wiki, na mwenye ng'ombe wa kisasa wa thamani kubwa katikati ya eneo la ugonjwa.

Njia ya tatu: kutibu mapema

*Pesa.* Haitoki hadi siku ya msiba, kisha hutoka kwa mkupuo. Dawa ni buparvakwoni, ambayo wengi tunaiita Butalex hata chupa ikiwa na jina jingine. Kipimo ni miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito. Kwa dawa ya asilimia 5 iliyozoeleka hiyo ni mililita 1 kwa kila kilo 20. Ndama wa kilo 50 anachukua mililita 2.5. Ng'ombe wa maziwa wa kilo 400 anachukua mililita 20, na akihitaji kurudiwa ni 40. Hapo utaona kwa nini njia hii ni nafuu kwa ndama na inauma kwa ng'ombe mkubwa. Ongeza maziwa yaliyopotea, mimba iliyotoka, na ndama aliyepona lakini akadumaa.

*Kazi na vifaa.* Kupima joto na kupapasa tezi, kila mnyama, mara kwa mara. Asiye tayari kwa hilo asihesabu njia hii kuwa yake. Sindano hupigwa kwenye msuli wa shingo. Dozi kubwa hugawanywa sehemu mbili. Uzito usikadiriwe kwa jicho, maana jicho la mwenye ng'ombe hupunguza kila anapokumbuka bei ya dawa. Tumia utepe wa kupimia kifua. Kama mapafu yameanza kujaa, daktari huongeza dawa ya kutoa maji mwilini. Mgonjwa akae kivulini na maji karibu. Usimtembeze kilomita tatu kumfuata daktari, pumzi aliyobakiza ni ya kuishi.

Kuna desturi ya kuchoma tezi iliyovimba kwa chuma cha moto. Naielewa: tezi ndiyo inayoonekana, mtu anapiga anapoona. Lakini vijidudu wakati huo viko mwili mzima, na kovu litamzuia yeyote kupapasa tezi hiyo siku nyingine.

*Inakinga nini.* Haikingi, inaokoa. Aliyepona huwa na kinga dhidi ya aina iliyomwuguza, na hilo si dogo. Maziwa na nyama vina muda wa kusubiri baada ya dawa. Uko kwenye karatasi ya ndani ya kasha, na wa nyama ni mrefu.

*Inavyoshindwa.* Kwa saa. Dawa inaua vijidudu, haikarabati mapafu. Siku ya kwanza au ya pili ya homa, matumaini ni makubwa. Povu likishatoka puani, unaweza kuua kila kijidudu na ng'ombe akafa vile vile. Inashindwa pia kwa dawa bandia au iliyokaa juani dukani, na kwa kutibu ugonjwa usio wenyewe.

*Inamfaa nani.* Mwenye ng'ombe wachache anaowagusa kila siku, aliye karibu na mtaalamu anayekuja akiitwa. Na kila mtu mwingine, kama mlango wa dharura.

Ukiwa katika hali hii

*Ng'ombe mmoja hadi watatu wa kisasa, wanafugwa ndani.* Usidanganywe na banda. Kupe huja na majani unayokata kando ya njia wanakopita ng'ombe wa wengine. Kuogesha kwa pampu kila wiki na kipimajoto vinakutosha kwa kuanzia. Majirani wakikusanyika kuchanja, ingia, hasa kwa mitamba.

*Kundi kubwa la ng'ombe wa asili, eneo lenye ugonjwa tangu enzi za babu.* Wakubwa wengi wamekwisha kujenga kinga; wanaokufa ni ndama. Chanja ndama kila msimu, ogesha kwa wastani kupunguza kupe na magonjwa mengine, wala usibadilike ghafla kutoka kutoogesha kabisa hadi kuogesha kwa ukali bila chanjo.

*Malisho yanachanganyika na nyati.* Chanjo peke yake isikulaze usingizi. Kuogesha kuwe kwa karibu zaidi, na epuka malisho hayo mvua zinapoanza.

*Unanunua ng'ombe kutoka sehemu isiyo na kupe.* Huyu ndiye anayekufa haraka kuliko wote. Achanjwe kabla ya kuletwa, kama inawezekana, apewe wiki za kujenga kinga. Haikuwezekana? Aogeshwe siku ya kufika na apimwe joto kila asubuhi kwa mwezi.

*Hakuna mchanjaji, josho limekufa.* Pampu, mkono ndani ya masikio kila jioni, na dozi moja ya Butalex iliyonunuliwa kabla ya mvua kwenye duka unaloliamini, ikae mahali pa baridi pasipo na jua.

*Ana homa leo na unasoma hii.* Papasa tezi chini ya sikio na mbele ya bega, pande zote mbili. Pima joto, andika saa. Angalia fizi na mkojo. Tezi imevimba, joto limepita 39.5 na fizi hazijapauka: mpigie mtaalamu sasa, mtajie mambo hayo matatu, na umwulize kama ana buparvakwoni mkononi kabla hajapanda pikipiki. Akishachomwa, pima asubuhi na jioni. Baada ya saa 48, joto likiwa halijashuka, dozi inarudiwa.